Sauti Iliyokosa Mwenyewe: Uchambuzi wa Dakika za Kwanza za Apocalypse Now

Skrini ni nyeusi. Hakuna jina la filamu, hakuna majina ya waigizaji, muziki haujaanza. Kuna sauti tu, vuu… vuu… vuu…, nzito na ya taratibu, nayo haitoki mbele kwenye skrini bali nyuma ya viti, kisha inazunguka ukumbi. Picha inapofunguka tunaona ukingo wa msitu wa minazi, kijani kitupu, umetulia. Moshi wa njano unapanda kutoka chini. Kitu kinakatiza mbele ya kamera, karibu mno na polepole kuliko kawaida: miguu ya chuma ya helikopta. Gitaa linaingia. Mwimbaji anapofungua kinywa, msitu mzima unawaka moto kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mlipuko wenyewe hausikiki hata kidogo.

Huo ndio mwanzo wa filamu ya Francis Ford Coppola kuhusu vita vya Vietnam, iliyotoka mwaka 1979. Dakika chache baadaye tumo ndani ya chumba cha hoteli mjini Saigon, mtu amelala chali, juu yake pangaboi linazunguka. Hatukuona gari likifika hotelini, wala mlango ukifunguliwa, wala maandishi ya kututajia mji. Hata hivyo hakuna mtazamaji anayeuliza amefikaje pale. Nataka tukifungue kipande hiki tuone kimefungwa wapi, kwa sababu watu wengi wanaokiiga wanachukua kitu kisichokuwa na kazi kubwa na kukiacha chenye kazi.

Mpangilio wa sauti wa filamu hii ulikuwa mikononi mwa Walter Murch, ambaye pia ni mmoja wa wahariri wake wa picha pamoja na Richard Marks, Gerald Greenberg na Lisa Fruchtman. Mtu mmoja kushika picha na sauti kwa pamoja halikuwa jambo la kawaida Hollywood wakati ule, na halijawa la kawaida mpaka leo. Kwenye kisa hiki ndilo lililoamua mambo, maana mvuko tunaouchambua, yaani namna ya kumvusha mtazamaji kutoka tukio moja hadi jingine, usingeweza kutungwa na mhariri wa picha peke yake kisha ukapelekwa kwa watu wa sauti waupake rangi.

Mezani kulikuwa na nini

Mwanzo huu haukuandikwa. Muswada wa John Milius ulikuwa na ufunguzi mwingine kabisa. Kilichokuwepo mezani ni lundo la kutisha: filamu yenye urefu wa futi 1,250,000, zaidi ya saa 230 za picha, zilizopaswa kubaki saa 2 na dakika 25. Katika kila dakika 95 zilizopigwa, moja ndiyo iliyoingia. Picha ya msitu unaowaka ilitoka kwenye mabaki ya tukio jingine la shambulio, lililopigwa kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja. Coppola mwenyewe amesimulia kwamba aliiokota kwenye mikanda iliyokwisha kutupwa, akaiangalia, kisha akasema kwa mzaha, kwa nini tusianze na wimbo unaoitwa “The End”? Wimbo huo ni wa bendi ya The Doors, na mwimbaji wake, Jim Morrison, alisoma shule ileile ya filamu aliyosoma Coppola, UCLA.

Upande wa pili wa meza kulikuwa na chumba cha hoteli. Tukio hilo lilipigwa nchini Ufilipino tarehe 3 Agosti 1976, siku Martin Sheen, anayeigiza Kapteni Willard, alipotimiza miaka 36. Alikuwa amelewa kweli, si kuigiza. Alikipiga kioo ngumi akajikata mkono, Coppola akataka kusimamisha kazi, Sheen akakataa, kamera ikaendelea. Picha zenyewe zina nguvu ya ajabu lakini hazina hadithi. Mtu anakunywa, anacheza kama mpiganaji, anaanguka, analia. Ni nani? Ana nini? Hazisemi.

Basi mhariri ana vitu viwili visivyojuana: msitu usio na mtu, na mtu asiye na habari yake. Anatakiwa aviunganishe kwa namna itakayomfanya mtazamaji aelewe jambo moja kabla ya neno lolote kusemwa, kwamba huyu bwana mwili wake uko hapa na akili yake iko kule. Kama angekata tu kutoka msituni kwenda hotelini, tungeelewa kwamba hadithi imehama mahali. Angeandika “Saigon, 1969” tungeelewa tarehe. Vyote viwili visingetwambia chochote kuhusu kichwa cha mtu.

Sauti inavushaje picha

Kwa wasiokaa kwenye chumba cha uhariri, nieleze haraka. Mkato wa kawaida hubadilisha picha na sauti kwa wakati mmoja: fremu hii mko jikoni na kelele za jikoni, fremu inayofuata mko barabarani na kelele za barabarani. Ni mkato safi, lakini ukiutumia kila mahali filamu inatembea kama mtu anayepanda ngazi akikanyaga kila daraja kwa miguu miwili. Ndiyo maana wahariri husogeza sauti. Sauti ya tukio lijalo ikianza kabla picha yake haijaingia, tunauita mkato wa J, kwa sababu kwenye taimlaini, ule mstari wa muda ambamo mhariri hupanga vipande, kipande cha sauti hutokeza kushoto chini ya picha ya zamani kama mkia wa herufi hiyo. Sauti ya tukio lililopita ikiendelea huku picha mpya imeshaingia, ni mkato wa L. Nusu sekunde, yaani fremu 12 katika kasi ya fremu 24 kwa sekunde, mara nyingi inatosha. Mtazamaji haoni kitu. Anahisi tu kwamba amevushwa, hakurushwa.

Siri yake iko kwenye tofauti ya jicho na sikio. Jicho likioneshwa picha mpya linataka kujua papo hapo liko wapi. Sikio lina subira. Ukisikia sauti usiyoijua, huna haraka ya kudai uone inatoka wapi; unaiweka kando ukisubiri. Waliokua na michezo ya redio wanalijua jambo hili bila kufundishwa: jogoo akiwika ni alfajiri, vikombe vikigongana tuko sebuleni kwa mtu, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakuoneshwa jogoo. Tatizo ni kwamba ukimpa mtu picha, anasahau kwamba sikio lake lina uwezo huo, na wahariri nao wanasahau.

Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa Alfred Hitchcock, katika The 39 Steps ya mwaka 1935. Mwanamke mfanya usafi anaingia chumbani, anakuta maiti, anageuka kutukabili na kufungua mdomo kupiga ukelele. Kinachosikika si ukelele bali king’ora cha treni, na mara tunaiona treni ikichomoka kwenye handaki. Sauti moja imetumika mara mbili: ni mshtuko wa mwanamke, na papo hapo ni honi ya treni inayombeba mwanamume anayekimbia. Ni kazi nzuri mno, na inakwisha kwa kufumba na kufumbua. Murch na wenzake walichukua wazo la aina hiyo wakalivuta kwa dakika kadhaa. Ugumu ndipo ulipo, maana mshangao haudumu dakika kadhaa.

Mwenyewe wa kwanza, wa pili na wa tatu

Njia rahisi ya kukisoma kipande hiki ni kuifuata ile sauti ya vuu-vuu na kuuliza kila mara: hii ni ya nani?

Gizani haina mwenyewe. Tunadhani ni helikopta lakini haikai sawa. Msitu unapoonekana, tunatazamia kuiona helikopta yenyewe, na tunachopewa ni vyuma vinavyopita kwenye ukingo wa fremu, basi. Sauti haipandi chombo kinapokaribia wala haishuki kinapoondoka. Iko vilevile, ikizunguka ukumbi. Mpaka hapo mtazamaji ameshapewa dokezo kwamba helikopta anayoisikia siyo anayoiona, ingawa hajaambiwa ni ipi.

Sasa tuikaribie sauti yenyewe. Helikopta za Wamarekani zilizotawala anga la Vietnam zilikuwa Huey, zenye rota kuu ya mapanga mawili yanayozunguka karibu mara 324 kwa dakika. Ukipiga hesabu, hayo ni mapigo karibu 11 kila sekunde. Ndiyo ile tatatata ambayo kila aliyepitiwa na helikopta anaijua. Kwenye ufunguzi huu hakuna tatatata. Sauti ilitengenezwa na Richard Beggs kwa sinthesaiza, chombo kinachounda sauti kwa umeme, kwa kujenga upya sehemu za sauti ya helikopta moja moja, na mapigo yake ni ya taratibu kiasi kwamba unaweza kuyahesabu. Timu yenyewe iliiita helikopta ya kizimwi.

Upole huo una kazi tatu kwa mpigo. Unaendana na picha, ambayo imepunguzwa kasi. Unaacha nafasi kwa wimbo, ambao nao unatembea polepole. Tatatata ya kweli ingemmeza Morrison. Na unafanana na kasi ya kitu kingine ambacho bado hatujakiona, pangaboi la dari. Huey halisi isingeweza kugeuka pangaboi hata ungeibembeleza vipi. Kwa hiyo sauti ya mwanzo ilitungwa ikijua inakoelekea. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani mvuko hutafutwa pale matukio mawili yanapokutana. Hapa umepandwa tangu kwenye giza, kabla hata ya picha ya kwanza.

Msitu unalipuka, na hatusikii mlipuko. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika dakika ya kwanza, na haizungumzwi vya kutosha. Moto wa ukubwa ule ulipaswa kutikisa viti. Kuunyima sauti yake ni kumwambia mtazamaji kwamba hayuko pale. Yuko mahali fulani pengine anapokumbuka au anapoota. Mtu akikumbuka moto, mara nyingi anauona tu. Wakati huo vuu-vuu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na sasa imekuwa sauti pekee ya mahali hapo, nayo si ya mahali hapo.

Kisha sura ya mtu inaingia, kichwa chini miguu juu, upande wa kushoto wa fremu, huku moto ukiendelea kuwaka juu yake na ndani yake. Picha hazikatwi, zinayeyukiana. Na hapa naomba tusipite haraka. Kuyeyusha kwa kawaida huchukua sekunde moja au mbili: picha ya kwanza inafifia, ya pili inakolea, kazi imekwisha. Hapa zinakaa pamoja muda mrefu, wakati mwingine tabaka tatu kwa pamoja, msitu, uso na pangaboi, bila yoyote kushinda. Wakati ule hapakuwa na kompyuta. Kila tabaka lilikuwa mkanda wake wa filamu, na kulipima lifike wapi kwa uzito gani ilikuwa kazi ya mikono na ya maabara. Angalia pia mahali vitu vilipowekwa. Uso umekaa upande mmoja, upande wa pili umeachwa wazi kwa moto na kwa pangaboi, ili jicho lisilazimike kuchagua. Murch anaamini mhariri mzuri hujua jicho la mtazamaji liko kwenye pembe gani ya skrini katika fremu ya mwisho kabla hajafanya lolote, na hapa unaona imani hiyo ikifanya kazi hata pasipo mkato.

Pangaboi linaonekana, linazunguka kwa mwendo uleule wa sauti. Papo hapo sauti inampata mwenyewe wa pili. Kumbe ni pangaboi! Mtazamaji hasemi hivyo kwa maneno, lakini kichwani kuna kitu kinatulia. Ile sauti aliyoiweka kando tangu gizani imepata mahali pa kukaa. Huo mtulio ndio mvuko wenyewe. Si picha ya pangaboi, si kufanana kwa mapanga na mapanga. Ni deni lililokuwa linadaiwa kwa muda mrefu likalipwa, na kwa kuwa limelipwa ndani ya chumba cha hoteli, tunakubali kwamba muda wote huo tulikuwa ndani ya chumba cha hoteli. Msitu unageuka kuwa kichwa cha mtu kwa kurudi nyuma, baada ya sisi kuwa tumeshautazama kama msitu.

Lakini pangaboi si mwenyewe wa kweli, na mtu yeyote aliyelala chini ya pangaboi anajua. Halitoi sauti kama ile. Linavuma kidogo, pengine linalialia kwenye skrubu iliyolegea. Kwa hiyo malipo hayo yana kasoro ndogo, na mhariri anaijua. Ndipo linapokuja la tatu: sauti ya kizimwi inapisha sauti ya helikopta halisi, yenye kishindo na mwendo wake, inayopita juu ya hoteli. Hatuioni. Willard anainuka, anakwenda dirishani, anafungua vipande vya pazia kwa vidole viwili, anachungulia barabara. Kuna mji huko nje, kuna vita, na kuna helikopta za kweli zinazopita kila siku juu ya watu wanaojaribu kulala. Sasa tunaelewa kwamba ndoto ililishwa na sauti za nje, kama inavyotokea kwa kila aliyewahi kuota simu inalia na kumbe inalia.

Wenyewe watatu, basi, na kila mmoja anamfuta aliyetangulia. Ukiondoa wa tatu, mvuko bado unafanya kazi lakini unabaki kuwa ujanja. Yeye ndiye anayeufanya uwe ukweli kuhusu mtu huyu.

Sauti iliyo karibu kuliko uso

Dirishani ndipo maneno ya kwanza yanasikika, na midomo ya Willard haitikisiki. Anataja Saigon, anatoa tusi moja, kisha analalamika kwamba bado yuko Saigon tu. Masimulizi hayo yaliandikwa na Michael Herr, mwandishi aliyeripoti vita hivyo, baada ya upigaji picha kwisha. Katika kurekodi, Murch alimtaka Sheen aifikirie maikrofoni kama kichwa cha mtu aliyelala naye mto mmoja, aongee naye kwa ukaribu huo. Kisha sauti ile, badala ya kutoka spika ya katikati kama mazungumzo ya kawaida yanavyofanya, ikatandazwa kwenye spika zote tatu za mbele. Matokeo ni kwamba mtu anapoongea ndani ya chumba anasikika kutoka sehemu moja ya skrini, na anapowaza anasikika kutoka upana wote wa skrini. Mtazamaji hajui kwa nini, lakini hachanganyi hayo mawili hata mara moja.

Yote haya yalitegemea kumbi zenye vifaa. Nakala za milimita 70 zilikuwa na spika tatu mbele, mbili nyuma zinazojitegemea kushoto na kulia, na besi ya chini kabisa. Mpangilio huo tunaununua leo madukani kwa jina la 5.1. Anayetazama kwa spika ya simu anaupata mvuko wa pangaboi, lakini ule mwanzo wa giza, sauti ikimjia kwa nyuma, hana namna ya kuupata. Vaa angalau hedifoni.

Safari ya kurudi, ambayo wengi hawaioni

Makala nyingi kuhusu ufunguzi huu huishia dirishani. Kwangu mimi kilicho bora kinaanzia hapo. Willard anakaa chumbani, anasimulia: akiwa huku alitamani kuwa nyumbani, akiwa nyumbani aliwaza tu kurudi msituni. Picha haiondoki hotelini. Hakuna kuyeyuka tena, hakuna minazi, kuta ni zilezile. Sauti ndiyo inayohama.

Kwanza tunausikia mji kama unavyopaswa kusikika: filimbi ya askari wa barabarani, honi za magari, nzi dirishani. Kisha, kidogo kidogo, kila kimoja kinabadilishwa na ndugu yake wa msituni. Filimbi inakuwa nyenje. Honi zinakuwa ndege. Nzi anakuwa mbu. Hakuna mahali unapoweza kusimamisha filamu ukasema hapa ndipo walipobadilisha. Mwishowe tunatazama hoteli na kusikiliza msitu. Nyenje wenyewe hawakurekodiwa wakiwa kundi kichakani; alirekodiwa mmoja mmoja kwa karibu, kisha wakarudufiwa wakawa maelfu, ndiyo maana msitu ule unasikika wazi kuliko msitu wowote wa kweli. Ni msitu wa mtu mwenye homa.

Linganisha safari hizi mbili. Katika ya kwanza, sauti moja isiyo na mwenyewe inatafutiwa mwenyewe. Katika ya pili, sauti nyingi zenye wenyewe halali, askari, magari, nzi, zinanyang’anywa wenyewe wao mbele ya macho yetu. Ya kwanza inamleta Willard hotelini. Ya pili inamrudisha msituni bila kumwinua kitandani. Mvuko wa kwanza una picha za kuvutia na ndiyo maana unaigwa. Wa pili hauna picha hata moja ya kuiga, na kwa maoni yangu ndio wenye ujasiri zaidi, kwa kuwa mhariri amekubali kabisa kwamba watu wengi hawatajua kilichofanyika. Watajisikia vibaya tu, wasijue sababu.

Waliotoa Oscar mwaka 1980 walisikia: tuzo ya sauti ilikwenda kwa Murch, Mark Berger, Richard Beggs na Nat Boxer. Tuzo ya uhariri waliteuliwa, hawakuipata.

Wanaoiga wanaiga nini

Tumeona mara ngapi pangaboi linageuka helikopta, tairi la gari linageuka sahani ya muziki, jua linageuka taa ya chumba? Vitu vya mviringo vimechoka. Kwenye programu za kuhariri, hadi zile za simu, kuna rundo la mivuko iliyotengenezwa tayari, inayozungusha picha na kuimulika, na kila mmoja unakuja na mlio wake wa fyuu! Kijana anaiweka kati ya matukio mawili akidhani ndiyo anaunganisha. Mlio ule hauna deni lolote. Haukutangulia, hautabaki, hausemi uko wapi wala unakwenda wapi. Unamwambia mtazamaji jambo moja tu, kwamba hapa pamekatwa, jambo ambalo mhariri kwa kawaida hulipwa alifiche.

Tamthilia zetu nazo zina zao: droni juu ya mji, muziki uleule, kisha sebule ya watu wengine. Sina ugomvi na droni. Ninachouliza ni kwa nini sebule ile huanza ikiwa kimya, kana kwamba watu walikuwa wamesimama wakisubiri kamera iwashwe. Ukichukua sauti ya sebule, sufuria, runinga ya jirani, mtoto anayeitwa uani, ukaianzisha chini ya picha ya mwisho ya tukio lililotangulia kwa sekunde moja tu, droni inaweza kwenda likizo. Lakini sauti hiyo lazima iwe imerekodiwa. Kwenye seti nyingi watu wa sauti hawapewi hata nusu dakika ya kurekodi chumba kikiwa kitupu, kisha mhariri anaulizwa kwa nini matukio yanarukaruka.

Kipimo ninachowapa wanaoniuliza ni kukitazama kipande hiki mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Utaona picha nzuri za moto na mtu aliyepinduliwa, na utachoka mapema, kwa sababu hakuna kinachokuvuta kutoka moja kwenda nyingine. Mara ya pili geuzia skrini ukutani usikilize. Utashangaa: karibu hadithi yote imo, hata chumba unaweza kukichora. Mara ya tatu tazama kawaida, ila kila unaposikia sauti jiulize mwenyewe yuko wapi, na andika sekunde anapoonekana na sekunde anapopotea. Ukimaliza utakuwa na ramani ya mvuko, na utaona kwamba sehemu kubwa ya muda mtazamaji ameachwa akisubiri kwa makusudi.

Kuhusu jinsi kipande kinavyofungwa: Willard anavunja kioo, damu, mashuka, kilio, muziki ukipanda juu yake. Wanajeshi wawili wanakuja kubisha hodi, wanambeba mzegamzega hadi bafuni na kumfungulia maji. Sauti zote hapo ni za kawaida, mlango ni mlango, maji ni maji. Kisha tunamkuta angani akipelekwa mji wa Nha Trang kupewa kazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze tunaiona helikopta nzima na kuisikia ikitoa mlio wake yenyewe, tatatata, kwa kasi yake ya kweli.